Kununua na kuuza gitaa lililotumika mtandaoni bila kulizwa

Tangazo linalosema "Gitaa kali, halina shida yoyote, bei maelewano, njoo inboksi" halijakuambia kitu. Hujui ni la nyuzi za chuma au za nailoni, hujui limekaa wapi, hujui kwa nini linauzwa. Picha yenyewe ni moja, imepigwa usiku, gitaa limelazwa kitandani na kichwa chake hakionekani. Matangazo ya namna hiyo ndiyo mengi, na ndiyo yanayoniletea mezani vijana waliodunduliza hela miezi na miezi wakanunua gitaa ambalo haliwezi kupigwa. Mimi ni fundi wa magitaa hapa Dar es Salaam, upande wa Tabata, na Jumapili napiga ridhimu kanisani. Magitaa mengi ninayoletewa siku hizi yamenunuliwa kwa simu: Facebook, Instagramu, tovuti ya Jiji, au kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanamuziki. Inaniuma kumwambia mtu kwamba hela yake imekwenda, hasa nikijua kwamba swali moja tu lingemwokoa. Kwa hiyo nayaandika maswali yenyewe hapa, ya mnunuzi na ya muuzaji, kwa sababu wote wawili nawaona wakiteseka.

Shingo kwanza, jina baadaye

Wanunuzi wengi wakiingia inboksi huuliza mambo mawili: ni kampuni gani, na bei ya mwisho ngapi. Yote mawili yana nafasi yake, lakini yasubiri. Kinachoamua kama gitaa litakufaa ni shingo.

Rangi ikichubuka, gitaa linaendelea kupiga. Jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ikilegea, inakazwa au inabadilishwa siku hiyohiyo. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, mara nyingi ni vumbi. Inapuliziwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, basi. Vifunguo vya kukazia nyuzi vikiteleza, vinanunuliwa vingine. Kile kipande cheupe kilicho juu ya shingo, ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye vifunguo, kikivunjika namchongea mtu kingine kwa mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, na mara nyingi kinalia vizuri kuliko kile cha plastiki kilichokuja na gitaa. Hata pikapu iliyokufa, yaani kinasa sauti cha gitaa la umeme, hubadilishwa. Lakini shingo iliyopinda mpaka chuma chake cha ndani kimeshindwa kuinyoosha, au iliyojisokota ubavu, matengenezo yake yanaweza kuzidi bei ya gitaa zima.

Ujue nguvu inayofanya kazi hapo. Seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma kwenye gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, gitaa likipigwa na likiwa limening'inia ukutani. Ndiyo maana shingo hizo huwekewa chuma ndani, ambacho fundi hukikaza au kukilegeza ili shingo isimame. Muulize muuzaji: chuma cha shingo bado kinazunguka? Kama hajui, sawa, wengi hawajui. Ila akikwambia "fundi alijaribu kikagoma", achana nalo, hata kama bei ni ya kutupa.

Balaa ninaloliona kuliko yote ni gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma. Nyuzi za nailoni huvuta karibu nusu tu ya nguvu ile, kwa hiyo magitaa hayo mengi hayana chuma ndani ya shingo, na ubao wao wa juu ni mwembamba. Mwenye gitaa anataka sauti kali, anaenda dukani ananunua nyuzi za chuma, anafunga. Kwa wiki chache linalia kwa raha. Kisha ubao wa juu unaanza kuvimba nyuma ya daraja (kile kipande nyuzi zinapofungwa mwilini), nyuzi zinapanda, vidole vinauma, na mwenyewe anaamua kuliuza. Tangazo lake litasema "halina shida yoyote" na huenda anaamini hivyo.

Utalitambua hata kwenye picha. Gitaa la nailoni huwa na matundu mawili marefu kwenye kichwa, na masikio ya vifunguo yanaangalia nyuma. Shingo yake ni pana: Yamaha C40, ambalo wengi hapa tumejifunzia, lina milimita 52 pale karibu na kichwa, wakati Yamaha F310, ambalo ni la chuma, lina 43. Kwenye daraja la nailoni uzi hufungwa fundo. Kwenye la chuma unashikiliwa na pini. Ukiona daraja la mafundo na nyuzi zinazong'aa zote sita mpaka ule mwembamba kabisa, hilo limeteswa. Ukifika, chukua kona ya karatasi ya daftari uisukume kwenye ukingo wa nyuma wa daraja, taratibu, kuanzia pembe moja hadi nyingine. Ikikataa kila mahali, gundi imeshika. Ikiingia hata milimita chache, daraja limeanza kubanduka. Nimeshapokea moja ambalo mtu alilipigilia skrubu za mlango kwenye daraja ili lisiondoke. Skrubu zilishika, ubao ukapasuka kufuata matundu yake.

Ujumbe wa kutuma kabla hujapanda daladala

Kutoka Tabata hadi Bunju kwenda kuangalia gitaa bovu ni siku nzima imepotea. Kwa hiyo kila kitu kinachoweza kujulikana kwa simu kijulikane kwa simu. Mimi huwapa wanafunzi wangu ujumbe huu waunakili, wabadilishe salamu tu (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, vinahesabiwa kuanzia kichwani):

"Habari za leo kaka. Nimeona gitaa lako, nalihitaji na hela ninayo. Kabla sijaja naomba unisaidie picha nne. Ya kwanza, simama upande wa kichwa, uangalie shingo kwa urefu wake kuelekea kwenye daraja. Ya pili, nyuma ya shingo pale kichwa kinapoanzia, na tochi ikimulika kwa pembeni. Ya tatu, daraja kwa ubavu. Ya nne, weka kadi tatu za benki zilizopangwa pamoja juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene. Halafu video fupi ukipiga uzi mmoja mmoja. Pembeni ya gitaa weka karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Asante sana."

Kama muuzaji ni mwanamke, andika dada. Kama ni mtu mzima, mpe shikamoo yake kwanza. Heshima hufungua picha ambazo amri haifungui.

Picha ya kwanza inaonyesha kama shingo imenyooka, vile fundi seremala anavyofumba jicho moja kukagua ubao. Mkunjo mdogo sana wa kuelekea mbele ni kawaida, unasaidia nyuzi zisigonge freti. Kinachotisha ni ukingo mmoja kuwa juu kuliko mwingine. Picha ya pili inatafuta mvunjiko. Vichwa vingi vya magitaa huvunjikia palepale, na vya aina ya Gibson Les Paul vina sifa mbaya kwa hilo kwa sababu kichwa kimelala kwa nyuma na mbao hapo imechimbwa kupisha chuma cha shingo. Mvunjiko uliogandishwa vizuri unaweza kudumu miaka mingi, na mimi mwenyewe nimegandisha mingi ambayo bado inapiga. Lakini bei lazima ishuke sana, na mwenye gitaa aliseme mwenyewe, asingoje wewe ulione kwa tochi.

Kadi za benki huwashangaza watu. Kadi zote, za benki yoyote, zina unene mmoja, milimita 0.76. Tatu zikipangwa ni 2.3 hivi, na hicho ndicho kimo kizuri cha uzi mnene kwenye freti ya 12 ya gitaa kavu. Zikigusa kidogo au zikibaki na nafasi ndogo, safi. Kama kadi tano zinapita bila kugusa, nyuzi ziko juu mno na anayeanza kujifunza ataumia vidole akate tamaa. Kwenye gitaa la umeme, kadi mbili zinatosha.

Kwenye video sikiliza mlio wa kugonga freti, ule wa bati linalotetemeka. Ukisikika kwenye freti moja tu, freti hiyo imelika au inayofuata kuelekea kwenye daraja imepanda, fundi huzisawazisha. Ukisikika karibu shingo nzima, rudi kwenye picha ya kwanza. Mwambie pia apige uzi wazi, kisha aubane kwenye freti ya 12. Freti hiyo iko katikati ya uzi, kwa hiyo sauti inapaswa kuwa ileile, juu oktevu moja. Programu za bure za kukazia nyuzi zinapatikana kwa simu janja. Wewe huku weka simu yenye programu hiyo karibu na spika ya simu ya pili inayocheza video, uone kama sauti inakubali. Ikikataa sana kwenye gitaa la umeme, kuna skrubu za kurekebisha kwenye daraja. Ikikataa sana kwenye gitaa kavu, tatizo liko kwenye shingo, kwenye kimo cha nyuzi au kwenye daraja, na hapo usiendelee bila fundi.

Wapo watakaokujibu, "Wewe unanunua gitaa au unafanya upelelezi?" Usikasirike. Mwenye gitaa kweli hulalamika kidogo kisha hutuma. Asiyekuwa nalo atakwambia kamera imeharibika, gitaa liko kwa shemeji, yeye yuko safarini, ila tuma kishika uchumba kwanza kwa sababu kuna mtu mwingine analitaka jioni hii. Ile karatasi yenye tarehe ndiyo inayowachuja hawa. Picha za kuokota mtandaoni huwa hazina tarehe ya leo kwa mwandiko wa mtu.

Kuhusu majina

Kwaya nyingi huwa zinataka Fender au Gibson. Naelewa, jina linaonekana jukwaani. Lakini Squier ni mali ya Fender na Epiphone ni mali ya Gibson. Ni magitaa halali ya bei nafuu, na Squier nzuri iliyorekebishwa vizuri inatosha kabisa kwa ibada na kwa muziki wa dansi. Kinachouma ni Squier iliyobanduliwa jina ikabandikwa la Fender, au gitaa lisilojulikana limetoka wapi likiwa na jina la Gibson.

Kwa Gibson, angalia kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kilichoko kwenye kichwa. Cha Gibson hushikwa na skrubu mbili. Bandia nyingi zina tatu. Nyuma ya kichwa namba huwa imegandamizwa kwenye mbao pamoja na maneno "Made in USA". Kwa magitaa mengi yaliyotengenezwa tangu 1977, tarakimu ya kwanza na ya tano zikiunganishwa ni mwaka, na ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Kama hizo tatu za katikati zinasoma 412, mwaka gani una siku 412? Magitaa ya 2014 yalipangiwa namba kwa njia nyingine, kwa hiyo hayo usiyahukumu kwa hesabu hii. Fender za umeme za miaka ya karibuni zinazotoka Mexico huanza na MX, za Marekani huanza na US, kisha tarakimu mbili za mwaka. Namba inaweza kunakiliwa, kwa hiyo isikutoshe peke yake, lakini isiyoeleweka kabisa inakutosha kurudi nyumbani.

Siku ya kuliona

Kutaneni mchana, mahali penye watu na penye umeme: duka la vyombo vya muziki, ukumbi wa kanisa wakati wa mazoezi, au kwa fundi. Mimi sitozi kumwangalizia mtu gitaa kabla hajalipa, na mafundi wengi ninaowajua hawatozi, maana tunajua atarudi kufungiwa nyuzi. Kama ni la umeme, nenda na waya wako mwenyewe. Mara nyingi sana waya wa muuzaji ndio wenye shida, watu wanabishana nusu saa kuhusu gitaa zima. Chomeka, weka kila pikapu moja baada ya nyingine, zungusha kila kitufe, tikisa jeki.

Usiogope ukimya. Kaa chini, kaza nyuzi mwenyewe, piga wimbo unaoujua, bana freti moja baada ya nyingine kwenye nyuzi zote sita. Muuzaji mstaarabu atakuacha. Kama anakuharakisha, anasema bodaboda inamsubiri, mrudishie gitaa lake mkononi, umuage.

Jambo moja la Pwani. Gitaa lililokaa Dodoma au mahali pengine pakavu likiletwa Dar hunywa unyevu. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Huku kwetu mara nyingi unapita 70. Mbao zinavimba kidogo, ubao wa juu unainuka, na nyuzi zinapanda nao. Kwa hiyo gitaa lililoshuka jana kwenye basi lisihukumiwe siku hiyo, wala lisikatwe wala kuchongwa. Liache siku kadhaa ndani ya begi lake, mbali na dirisha, kisha ndipo fundi aliguse.

Hela

Lipa gitaa likiwa mapajani mwako. Hiyo ndiyo kanuni yangu, na haibadiliki kwa rafiki wala kwa mtumishi wa Mungu. Kwenye simu, kabla hujaweka namba ya siri jina la mpokeaji linatokea. Lisome kwa sauti umuulize mwenzako kama ndilo lake. Akikwambia katikati ya mambo, "Hiyo laini ina shida, ile hela tuma kwenye namba hii nyingine", simama hapohapo. Maneno hayo Watanzania tumeyasoma kwenye meseji za matapeli mpaka tumeyakariri, na bado yanafanya kazi kwa mtu aliyeshapenda gitaa.

Kubalianeni mapema kuhusu ya kutolea. Inaonekana jambo dogo, lakini nimeona watu wazima wakigombana mbele ya meza yangu kwa sababu mmoja ametuma bei kamili na mwenzake alitarajia iongezwe. Andika tangu mwanzo: "280,000 pamoja na ya kutolea" au "ya kutolea juu yako".

Ukiwa wewe ndiye muuzaji

Muuzaji naye ana mateso yake. "Bado lipo?" mara ishirini, kisha kimya. "Bei ya mwisho?" kutoka kwa mtu ambaye hajauliza hata kama ni la umeme. Anayetaka kubadilishana na simu iliyopasuka kioo aongeze kidogo. Anayesema "nishikie, mwisho wa mwezi nakuja". Huwezi kuwazuia wote, lakini tangazo zuri hupunguza wengi sana. Kabla ya kupiga picha, lifute vumbi, lifunge nyuzi mpya. Seti moja ya nyuzi hubadilisha sauti na sura ya gitaa kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Piga picha nje, asubuhi au jioni, zikiwemo zilezile nne nilizotaja juu, ili usiombwe. Kisha andika hivi:

"Yamaha F310, gitaa kavu, nyuzi za chuma. Nililinunua jipya, nimelipigia nyumbani. Kimo cha nyuzi freti ya 12 ni kadi tatu za benki, angalia picha. Shingo imenyooka, halijawahi kuvunjika. Kasoro: mchubuko mmoja ubavuni, na kifunguo kimoja ni kigumu. Halina begi. Nauza kwa sababu nimepata la umeme. Bei 280,000, napunguza kidogo kwa aliyekuja kuliona. Sibadilishani na kitu. Nipo Tabata, kuanzia saa 10 jioni."

Kasoro iandikwe. Wauzaji wanaogopa kwamba itafukuza wateja, na ni kweli itawafukuza baadhi, wale ambao wangekuja, wangeiona, wangekushusha bei mlangoni au wangekurudishia gitaa baada ya wiki na maneno makali. Anayekuja akiijua kasoro huja na hela kamili. Zaidi ya hayo, huenda anayenunua ni mtoto wa mtu anayejifunza. Mwambie ukweli.

"Bado lipo?" ijibu hivi: "Lipo kaka. Unaweza kuja kuliona lini?" Asiye na siku siyo mnunuzi, usimfuatilie. Usimshikie mtu gitaa bila kishika uchumba, na mkiwekeana, andikeni kwenye ujumbe ni siku ngapi na kama asipokuja hela inarudi au hairudi. Mtu wa kubadilishana mjibu mara moja, kwa adabu, "Hapana, nahitaji hela", uishie hapo.

Madalali ni kundi jingine. Dalali uliyemtuma mkakubaliana cha juu chake, huyo ni mfanyabiashara mwenzako. Nayemsema ni yule anayechukua picha zako, anaziweka kwenye ukurasa wake kwa bei ya juu, kisha anakuletea mteja anayeamini gitaa ni la dalali. Siku ya makabidhiano bei mbili zinakutana uso kwa uso na wewe ndiye unayeonekana tapeli. Dawa ni ileile ya mnunuzi: karatasi yenye jina lako na tarehe ionekane kwenye kila picha, karibu na shingo, siyo pembeni ambapo inakatwa kirahisi.

Na kuna wizi mmoja ambao lazima nieleze hatua kwa hatua, kwa sababu umewapata watu makini. Mteja anapiga simu, anaongea vizuri, habishi bei hata kidogo. Anasema yeye yuko kazini, atalipa kwa simu na mdogo wake atalifuata. Meseji inaingia: umepokea kiasi kamili, jina, salio jipya, kila kitu kipo. Dakika hiyohiyo bodaboda iko getini, dereva anapiga honi, mteja anapiga tena simu akisema mdogo wake ana haraka. Unatoa gitaa. Jioni unakwenda kwa wakala kutoa hela, hakuna. Meseji ile iliandikwa na mtu na kutumwa kutoka namba ya kawaida. Kwa hiyo meseji isikutoshe. Ingia mwenyewe kwenye menyu ya mtandao wako, kwa M-Pesa ni *150*00#, angalia salio, na ndipo gitaa litoke mlangoni. Kama mtandao unasumbua, bodaboda isubiri. Dereva mwenyewe mara nyingi hajui chochote, ametumwa tu, kwa hiyo usimfokee.

Karatasi ya mauziano

Hapa naomba usinione mkali. Gitaa, hata la laki mbili, liandikiwe karatasi. Magitaa ya makanisa na ya bendi huibwa, na huuzwa haraka mtandaoni kwa bei ya chini. Kununua mali ya wizi kwaweza kukufikisha polisi hata kama hukujua. Karatasi ya daftari inatosha: majina ya wote wawili na namba za simu, namba ya kitambulisho cha kila mmoja, aina ya gitaa, rangi yake, namba iliyoko nyuma ya kichwa au kwenye lebo inayoonekana kupitia tundu la sauti, kasoro zilizotajwa, bei, tarehe, sahihi zenu na ya shahidi mmoja. Kila mtu apige picha nakala hiyo. Kama ni gitaa la gharama kubwa, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaandikishiane huko. Kwa muuzaji karatasi hii ni kinga pia: mnunuzi akidai kwa mtandao wa simu kwamba hela ilikwenda kwako kimakosa na irudishwe, unayo sahihi yake.

Anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi, usiguse gitaa lake.

Likienda mkoani

Dar kwenda Mwanza au Mbeya, gitaa linapanda basi, na kwenye basi ndipo linapovunjika kichwa. Kwanza kama una ndugu au rafiki mwanamuziki katika mji wa muuzaji, mtume akalione na akalipie hukohuko. Hakuna njia bora kuliko hiyo. Kama huna, mlipane kwa awamu: sehemu gitaa likishakabidhiwa ofisi ya mizigo na risiti kuonekana, iliyobaki likifika. Kwa mtu msiyefahamiana kabisa, mimi nisingenunua.

Muuzaji alegeze nyuzi zote, zisitolewe, zilegezwe tu mpaka zinyumbulike. Chini ya kichwa na juu yake ziwekwe nguo zilizokunjwa ili kichwa kisiwe na nafasi ya kucheza ndani ya begi au boksi. Gitaa likianguka chali, uzito wa kichwa ndio unaoivunja shingo. Nguo nyingine zijaze pembeni mwa kiuno chake. Begi la kitambaa halitoshi. Litafutiwe boksi gumu, hata la kuunganisha mawili, na liandikwe kwa kalamu nene "GITAA, LISILALIWE". Pale Mbezi Luis, kwenye stendi ya mabasi ya mikoani, omba lipakiwe juu ya mizigo mingine, mbali na magunia, na lisiwe upande wa injini kwa sababu joto hulainisha gundi. Piga picha ya boksi, ya risiti na ya namba ya basi, umtumie mwenzako zote, na umpe namba ya simu ya kondakta.

Mpokeaji alifungue palepale ofisini, mtu mwingine akirekodi video kuanzia boksi likiwa limefungwa. Angalia nyuma ya kichwa kwanza, kisha daraja, kisha kiungo cha shingo na mwili. Kitu chochote kikiwa kimevunjika, mwenye ofisi aandike nyuma ya risiti kabla hujaondoka. Kama gitaa liko salama, nenda nalo nyumbani ulale nalo usiku mmoja bila kulikaza. Kesho yake kaza nyuzi kidogo kidogo, uzi mmoja baada ya mwingine, ukirudia mzunguko mpaka zifike. Ukisikia mbao inalia kwenye daraja wakati unakaza, simama, legeza, piga picha, na umpigie muuzaji siku hiyohiyo.